Kuokotwa Darajani

Kiti cha marehemu babu kimewahi kupanda teksi, miguu yake ikichungulia dirishani. Kando yake alikaa Bibi Shangazi, dada yake babu, amekikumbatia kama mtu anayemtoa mgonjwa hospitali. Wiki haikuisha, Bibi, mjane wa babu, akaenda kumjulia hali wifi yake. Akanywa chai, akacheka, akaaga vizuri, akarudi nyumbani na kiti kichwani. Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Kila mmoja alikuwa anachukua kilicho chake.

Na hoja walikuwa nazo wote wawili. Kiti chenyewe ni cha kukunja, cha mbao nyeusi na turubai. Babu alikiunda kwa mikono yake akitumia mbao za kitanda cha baba yake, na Bibi Shangazi husema yeye alizaliwa juu ya mbao zile zile, sasa anyang'anywe na nani? Bibi hujibu kwamba mbao bila kitambaa si kiti, ni kuni, na kitambaa ameshakishona yeye upya kila makalio ya babu yalipokitoboa. Baba alipoombwa akate shauri, alisema ana mama mmoja na shangazi mmoja, na angependa kubaki nao wote. Kwa hiyo kiti kikaendelea kusafiri.

Mtu mwingine angeona ni utani wa wazee. Lakini karibu na mlango wa sebule ya Bibi pana alama mbili kwenye saruji, mahali miguu ya kiti ilipochimba kwa miaka mingi, babu akikaa pale kuvua viatu. Kiti kikiwa kwa wifi yake, Bibi hapakanyagi pale. Huzunguka, kana kwamba kuna mtu amekaa, ndipo atoke nje.

Basi mimi ndimi niliyewaletea hakimu, bila kujua kwamba nimeleta hakimu.

Natengeneza michezo ya kompyuta. Karakana yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na mchana chini wanapoyapiga vumbi, meza zetu hutikisika. Mkubwa wetu tunamwita Breki, kwa kuwa kila wazo likimfikia hupunguza mwendo. Wakati huo tulikuwa tunamalizia mchezo wa mbio za magari katika barabara ya mlimani, na kazi yangu ilikuwa kujua kila gari liko wapi, na kulirudisha barabarani likitoka.

Watu hudhani kompyuta inaiona barabara. Haioni kitu. Anayeiona ni wewe unayecheza. Kwa kompyuta, barabara ni vigingi nilivyovipanga katikati ya lami tangu mwanzo hadi mwisho, visivyoonekana, na kila kigingi kinajua mambo matatu: kimesimama wapi, kinatazama upande gani, na ni cha ngapi. Gari liko mahali fulani kati ya kigingi na kigingi, basi. Humo ndani ya programu kila kitu nimekipa jina la Kiswahili: kigingi, mbele, nyuma, okota. Breki aliwahi kuniuliza kama mashine itaelewa. Nikamwambia mashine haina lugha ya mama; ukiipa jina ukalishikilia, nayo italishikilia.

Kujua nani anaongoza ni rahisi. Kila gari linajiuliza swali moja tu: mbele yangu wako wangapi? Likipata jibu, linaongeza moja. Wakiwa wawili mbele yako, wewe ni wa tatu. Asipokuwepo mtu, wewe ni wa kwanza. Nililipenda swali hilo kwa ufupi wake, sikuliongezea kitu.

Kuokota ndiko kwenye kazi. Gari likipinduka, au likitumbukia bondeni, mchezo unasubiri kidogo ili dereva aione aibu yake, kisha unalinyanyua. Unatafuta kigingi kilicho karibu nalo kuliko vyote, unaliweka hapo juu kidogo ya lami, unaligeuza litazame mbele, na unalivua mwendo wote. Usipolivua mwendo, gari lililokuwa linaanguka litaendelea kuanguka hata baada ya kuokotwa. Siku niliyosahau, lori la maji lilitua barabarani likapitiliza chini ya lami kama jiwe kwenye bwawa. Mchoraji wetu alisema kwa upole kwamba yeye alichora barabara, hakuchora mlango.

Breki alisema mchezo ujaribiwe na watu ambao hawajawahi kucheza chochote, maana sisi wa karakana tunajua mno pa kupita. Nikabeba sukani mbili za kuchezea pamoja na pedali zake, nikaenda nazo kwa Bibi, nikazikaza kwenye meza mbele ya runinga.

Bibi hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alichagua gari la mikate, kwa sababu, alisema, lina uso mpole. Kisha akakanyaga mafuta, na hakuyaachia tena. Kwa fundi wa kuokota magari, Bibi alikuwa baraka. Alianguka mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kuanguka. Aliangukia upande ambao mchoraji alikuwa hajamaliza kuupaka majani, akaniuliza kama ndiyo ahera. Kila akiokotwa alishukuru, "ahsante mke mwenzangu," kama vile mimi ndiye niliyeingia bondeni kwa mikono yangu kumtoa. Ananiita hivyo tangu utotoni, kwa sababu babu alikuwa akiniita mchumba wake, na Bibi alisema nyumba haina nafasi ya ugomvi, afadhali tugawane.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na Bibi Shangazi akaja kufuata kiti. Yeye anauza miche ya miti na maua, na pikapu yake anaiendesha mwenyewe, taratibu, mche hata mmoja usitikisike; kiti cha kaka yake tu ndicho hakipandishi kwenye udongo wa miche, hukikodia teksi. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, nikamwacha amesimama nyuma ya kochi, mkoba mkononi, anamtazama wifi yake akiteremka mlima kichwa chini. Niliporudi alikuwa anasema kwamba Bibi anaendesha kama mtu anayefukuza kuku. Bibi akamwambia kuongea hakuna pedali, akae tuone.

Akakaa. Akachagua pikapu. Akaendesha barabara nzima kwa mwendo wa miche, katikati ya lami, hakuanguka hata mara moja. Bibi alianguka mpaka nikaacha kuhesabu, na alipofika mwisho, wifi yake alikuwa ameshamaliza kikombe.

"Haya, nipe kiti changu niondoke," alisema Bibi Shangazi.

Bibi aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Nilimjua, nikajua neno linakuja.

"Jumapili ijayo tunarudia," alisema. "Ukinishinda, kibebe. Sitakuja kukifuata mpaka nakufa. Nikikushinda, usikanyage tena humu na teksi."

Bibi Shangazi akatoa mkono. Wakashikana. Wakanigeukia mimi shahidi, na Bibi Shangazi akasema angalau ile stashahada yangu ya michezo ya watoto itakuwa imefaa kitu.

Baba aliposikia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini Bibi hakuwa anacheka. Kila siku kutwa alikuwa mezani pale, miwani puani, gari la mikate likigonga miamba.

Siku moja katikati ya wiki nikapitia kwake kutoka kazini, nikamkuta anakaribia mwisho wa barabara mapema kuliko inavyowezekana. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu begani. Akaanza tena, nami nikatazama. Barabara ile inapanda, inavuka daraja, inauzunguka mlima mzima, inashuka, inapita chini ya daraja lile lile, ndipo inafika mwisho. Bibi alipanda vizuri. Alipofika darajani akapinda kushoto moja kwa moja kwenye ukingo. Gari la mikate ni refu kwenda juu, ukingo ni mfupi. Likabinuka, likaenda chini. Mchezo ukasubiri, ukaliokota, ukaliweka barabarani. Barabara ya chini. Mlima mzima umerukwa, na mstari wa mwisho unaonekana kwa mbele.

Nikaelewa papo hapo. Aliyeangukia chini ya daraja, kigingi kilicho karibu naye si kile cha juu alikotoka. Ni kile cha barabara ya chini. Mchezo ulifanya nilichouambia, neno kwa neno. Hilo ndilo linalouma katika kazi hii, kwamba mashine haikukosea hata kidogo. Na karakana nzima hatukuona, kwa sababu hakuna kati yetu anayechagua gari la mikate, na hakuna anayeanguka darajani.

"Bibi," nikasema, "hapo darajani mbona unakwenda ukingoni?"

"Barabara inanisukuma."

"Kila mara?"

Hakugeuka. "Mke mwenzangu, mimi naanguka tu. Anayeniokota ni mchezo wako. Mtu akiokotwa, anauliza amewekwa wapi?"

Nilikaa kwenye kochi nikamweleza. Nilimwambia hiyo ni kasoro, na kasoro ni yangu, na Jumatatu mchezo unatoka karakana kwenda kwa watu watakaousambaza, lazima niirekebishe. Bibi alisikiliza kwa makini, akakubali kila neno, kisha akauliza Jumatatu hiyo inaanza saa ngapi. Kama inaanza asubuhi, basi Jumapili mchana si bado ni jana yake? Nirekebishe Jumatatu alfajiri, nani atajua.

Nikiri, wazo lilinikaa. Nilipita pale mlangoni kutoka nje, na bila kufikiri nami nikazikwepa zile alama mbili. Kiti kilikuwepo siku hiyo, kimekunjwa kando ya ukuta. Niliona jinsi nyumba itakavyokuwa kisipokuwepo. Lakini pia niliona siku ambayo Bibi Shangazi angegundua. Mtu anayeuza miche anajua mche ulioota na uliochomekwa. Angewaambia watu wa ukoo wote, kwa sauti yake ile ya taratibu, kwamba wifi yake alikipata kiti kwa ujanja wa mjukuu, na kweli ingekuwa hivyo. Bibi angekaa juu ya kitu cha wizi, na wizi wenyewe ni wa programu yangu.

Ijumaa nilimweleza Breki. Akapunguza mwendo, akafikiri, akasema nirekebishe. Nikarekebisha. Sasa gari linakumbuka kigingi cha mwisho lilichokipita. Likianguka, mchezo hautafuti barabara nzima tena. Unatafuta kati ya vigingi vichache vya nyuma na mbele ya kile kinachokumbukwa, na vingine vyote unavifumbia macho hata kama viko karibu namna gani. Ukianguka darajani, unarudi darajani.

Jumamosi asubuhi nikaenda kumwekea Bibi mchezo mpya, nikamwambia wazi. Alininunia. Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. Alisema nimemuuza, nami nikasema nimekarabati daraja. Alisema babu alijua ninayo roho hiyo, ndiyo maana posa yake haikufika mbali. Akaingia chumbani, akakaa huko, nikasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kutembelea, vile vya raba, akaweka mguu kwenye pedali.

"Basi nifundishe kulivuka," alisema.

Tulishinda kutwa kwenye daraja lile. Tatizo halikuwa kwamba Bibi hajui kupita. Tatizo ni kwamba alikuwa amejifunza mno kuanguka. Mikono yake ilikuwa ikifika pale inakwenda kushoto yenyewe, kama punda anayejua njia ya kwao. Nikamwambia aachie mafuta kabla ya daraja, na atazame kule anakotaka kwenda, asiutazame ukingo. Alisema mtu hawezi kuacha kuutazama ukingo unaotaka kumuua. Lakini kufikia adhuhuri alikuwa amevuka, na kufikia jioni alikuwa anavuka mara nyingi kuliko alivyoanguka, na alipovuka alitoa pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Jumapili Bibi Shangazi alifika na khanga begani na teksi ikimsubiri nje. Bibi aliiona teksi, akaniangalia. Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani kama mshitakiwa. Runinga ikagawanyika katikati, kushoto gari la mikate, kulia pikapu. Nikahesabu, wakaondoka.

Bibi Shangazi alichukua uongozi, taratibu kama kawaida yake. Bibi alianguka kwenye kona ya kwanza, akaokotwa, akashika njia. Akaanguka tena kwenye mwamba, akaokotwa. Hata hivyo alikuwa anakanyaga mafuta na mwenzake anakanyaga breki, kwa hiyo walipoanza kuliona daraja, gari la mikate lilikuwa nyuma ya pikapu kwa urefu wa uwanja tu. Nikamwambia Bibi kimoyomoyo: achia mafuta, tazama mbele.

Pikapu ikaingia darajani. Ikapunguza mwendo zaidi. Kisha Bibi Shangazi, ambaye hajawahi kuigusa hata nyasi ya kando ya barabara, akakata usukani kushoto akagonga ukingo.

Pikapu ni fupi, haipinduki kirahisi. Akarudi nyuma. Akagonga tena. Akarudi nyuma kidogo zaidi, akaongeza mafuta, akaukwea ukingo kwa gurudumu moja, na pikapu ikateremka bondeni polepole, kwa heshima zake zote.

"Bibi Shangazi?" nikasema.

"Nimeteleza," alisema, macho kwenye kioo.

Mvua haikuwepo mchezoni. Nikaikumbuka Jumapili iliyopita, mimi jikoni nachemsha chai, yeye amesimama nyuma ya kochi na mkoba wake, anatazama wifi yake anavyoanguka na anavyowekwa. Aliona kabla ya Bibi. Aliona kabla yangu mimi niliyeuandika. Wiki nzima alikaa nalo kimya kati ya miche yake.

Mchezo ukasubiri. Ukaiokota pikapu. Ikatua katikati ya daraja, pale pale ilipotoka, inawaka na kuzima.

"Mbona niko juu?" aliuliza Bibi Shangazi.

Hapo Bibi akaelewa. Kicheko kilimtoka tumboni, miwani ikashuka hadi mdomoni, na mguu ukabaki kwenye mafuta. Gari la mikate likaingia darajani kwa kasi yote, na mikono iliyozoea ikafanya ilichozoea. Likagonga ukingo, likabinuka, likaenda zake bondeni, na Bibi bado anacheka.

Likaokotwa nalo. Nikasimama, maana niliona kinachotaka kutokea na hapakuwa na la kufanya. Gari lililookotwa sasa hivi huwaka na kuzima kwa muda mfupi, na katika muda huo haligusiki, ili wengine walipite bila kuligonga. Pikapu ilikuwa haijasogea, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameduwaa. Magari mawili, kigingi kimoja. Gari la mikate likashuka taratibu ndani ya pikapu kama mkono kwenye mfuko. Kisha yote mawili yakaacha kuwaka.

Kikabaki kitu kimoja chenye pua mbili na tangazo la mikate mgongoni. Kompyuta ilikuwa na vitu viwili mahali pamoja, kila kimoja kikiwa hakiruhusiwi kumpenya mwenzake, na kwa kuwa tayari vilikuwa ndani, hakikuweza kutoka hata kimoja. Bibi alikanyaga mafuta; kitu kikatetemeka. Bibi Shangazi akakanyaga. Kikatetemeka upande wa pili.

Nikasema hiyo ni kasoro nyingine, tuanze upya.

"Usiguse," walisema wote wawili kwa pamoja.

Bibi alisema kila nikigusa kitu yeye ndiye anayeumia. Bibi Shangazi alisema alikuwa anaongoza na hakuna mtu atakayemrudisha mwanzo. Kwa hiyo nikakaa. Wakaendelea kutetemeka darajani, kila mtu na zamu yake, wakilaumiana, mpaka kwa bahati tu wakakanyaga mafuta wakati mmoja. Kitu kikasogea.

Wakatazamana.

"Kanyaga," alisema Bibi Shangazi.

"Kanyaga wewe."

"Nikisema sasa, tukanyage wote. Sasa."

Likatoka darajani kama kaa. Kona ya kwanza walikosana, mmoja akakata kulia, mwingine kushoto, wakabaki wanazunguka pale pale. Bibi Shangazi akachukua uongozi wa mdomo: anasema kulia, wanakata kulia. Bibi alikubali kwa kona tatu, ya nne akasema sasa ni zamu yake kusema. Alisema kulia mapema mno, wakapanda nyasi, lakini hawakuanguka, kwa kuwa magari mawili yaliyoshikana ni mazito. Mlima ule walioutafutia njia ya kuukwepa, wakauzunguka wote.

Kwenye mteremko, upande mzima wa lile jigari ukaenda wa kwanza, pua zinatazama bonde.

"Kaka yangu alikuwa anakunja kona namna hii hii," alisema Bibi Shangazi. "Ubavu kwanza."

"Kaka yako hakuwa na leseni."

"Ndiyo maana mimi nilikata yangu."

Bibi alicheka tena, lakini safari hii hakuachia usukani. Akasema siku moja babu alimbeba kwenye gari la watu, akamwambia ameazimwa, na mwenye gari akawafuata kwa miguu mpaka nyumbani. Bibi Shangazi akasema hilo halijui. Bibi akasema halijui kwa sababu yeye mkewe aliapishwa asimwambie dada mtu. Wakapita chini ya daraja. Wote wawili wakainua macho kulitazama, kisha wakayarudisha barabarani.

Wakavuka mstari wa mwisho kwa pamoja, kwa ubavu.

Upande wa kushoto wa runinga pakaandikwa: WEWE NI WA KWANZA. Upande wa kulia pakaandikwa: WEWE NI WA KWANZA.

Kila mmoja alisoma pake, akapiga meza. Kisha kila mmoja akasoma pa mwenzake. Kisha wakanigeukia mimi.

Nikawaeleza lile swali. Gari la mikate lilijiuliza wako wangapi mbele yangu, likaona hakuna. Pikapu ikajiuliza, ikaona hakuna. Sikuwahi kufikiria magari mawili yanaweza kufika yakiwa mahali pamoja hasa, kwa hiyo hakuna nilichoiambia mashine kuhusu jambo hilo.

"Kwa hiyo nani kashinda?" aliuliza Bibi.

"Nyote."

"Ndiyo stashahada yako hiyo?" aliuliza Bibi Shangazi.

"Ndiyo hiyo."

Alinyanyuka, akaenda ukutani, akakichukua kiti. Bibi hakusogea. Nje teksi ilipiga honi. Bibi Shangazi akakikunjua, akakiburuta mpaka mlangoni, akakiweka miguu ikaingia barabara kwenye zile alama mbili za saruji, akakaa. Akapitisha kiganja chini ya mbao, polepole, kama anayetafuta kitu alichokiacha humo.

"Nyumbani kuna mbao nyingine," alisema. "Kitanda cha baba kilikuwa kipana. Zimelala kwenye kibanda cha miche."

"Miaka yote hii?"

"Hukuuliza, wifi."

Bibi alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. Akasema mbao bila kitambaa ni kuni, na kwamba turubai analo, limebaki kipande kizuri sandukuni. Kisha akaniagiza nikamwambie mtu wa teksi aende zake, maana anayesafiri hayupo.

Jumatatu nilimweleza Breki kasoro zote mbili. Ya kugandana niliimaliza asubuhi ile ile: gari la pili linapookotwa, mchezo unaangalia kwanza kama kigingi kina mtu, na ukikuta kimekaliwa unaliweka kigingi cha nyuma yake. Ya wawili kuwa wa kwanza, Breki alitaka tuitafutie namna ya kuwapambanua. Nikamwambia watu wawili wakifika pamoja kweli, sioni kwa nini mchezo utafute wa kumhuzunisha. Aliliangalia wazo langu likija. Sijui nini kilimpata, akaliacha lipite.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na mchezo uliokamilika. Niliwakuta wameshakaa mbele ya usukani. Kando ya kiti cha babu palikuwa na kiti kingine, cha mbao zile zile nyeusi, miguu mirefu kidogo, turubai jipya limeshonwa upande mmoja na sindano bado inaning'inia. Walikuwa wanabishana. Bibi alikuwa anasema mgeni ndiye wa kukalia kipya. Bibi Shangazi alisema yeye si mgeni, na kipya hukikalia mwenye nyumba. Kwa hiyo Bibi alikuwa ameketi kwenye cha babu, na wifi yake kwenye mkono wa kochi, na kipya hakina mtu.

Nikawawekea mchezo mpya. Wakaenda mpaka darajani, wakaanguka wote kwa makusudi, wakaokotwa mmoja mbele na mmoja nyuma. Wakangoja. Hakikutokea kitu.

"Huu unatutenganisha," alisema Bibi. "Tuletee ule mbovu."

Nikasema ule nimeubeba pia, nilijua. Na kwa kuwa nilihitaji kukaa ili niuweke, na ubishi ulikuwa haujaisha, nikakikalia kile kipya mimi. Nilisahau upande mmoja haujashonwa. Turubai likaachia, nikajikuta sakafuni, magoti yamefika masikioni, miguu ya kiti imenizunguka.

Bibi alinyanyua mkono kunisaidia. Wifi yake akamzuia.

"Mwache hapo hapo," alisema Bibi Shangazi. "Asubiri kuokotwa."

Wakageukia runinga, wakakanyaga mafuta.